Apige Kayamba Kwanza

Wamorani wa Kiarusha wakikutana kwenye sherehe chini ya Mlima Meru, ngoma haipigwi. Mmoja huongoza wimbo, wenzake hushika mapigo kwa koo na kifua, na anayeruka hutua palepale sauti inapotua. Kijana wa Ngaramtoni amekua akiyasikia hayo. Inasikitisha kwamba akikabidhiwa gitaa la kwaya huyaacha yote nyuma: macho kwenye kodi za mkono wa kushoto, na pambio likifika katikati ameshawakimbia waimbaji.

Dawa yake haiko kwenye nyuzi. Aliweke gitaa chini, achukue kayamba, tumba, au hata chupa tupu ya soda na msumari. Chupa si mchezo wa watoto. Katika muziki wa gitaa wa Katanga, Kongo, wa miaka ya 1950, chupa ilikuwa chombo kamili, na mlio wake mwembamba uliwashika wapigaji wote pamoja. Mpiga gitaa wa huko, Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Hata vidole vyake vilikuwa mapigo mawili: gumba lilitembea na besi, shahada ikajibu.

Zoezi ni hili. Mguu ukanyage mara mbili, taratibu, na ndani ya muda uleule msumari ugonge chupa mara tatu, kwa nafasi sawa. Mwanzoni mkono utaburutwa na mguu. Asiongeze kasi, ahesabu kwa sauti mpaka viache kugombana. Ndipo ashike gitaa, alaze vidole vya kushoto juu ya nyuzi zisilie, na mkono wa kulia ukwangue mapigo yaleyale. Kodi zije mwisho.

Wakongwe wa dansi walilijua hili, na bendi zao zilibeba majina ya ngoma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, ya mwaka 1978, inaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Ugumu mkubwa uko moyoni. Kayamba halina sifa ya gitaa, wala hakuna anayelishangilia. Lakini anayekubali kulipiga hulazimika kuwasikiliza wenzake, jambo ambalo mpiga solo mwenye haraka hulikwepa kwa miaka.

Walimu wa kwaya, kijana akija kuomba gitaa, mpeni kayamba kwanza. Gitaa apewe siku waimbaji watakaposema hawayumbi tena.