Ramadhani 12: Sinia Moja



Umeipita bustani yetu nyuma ya msikiti? Mchicha tulioumwagia mbegu katikati ya Shaaban sasa unachumwa. Maji yake ni yale ya udhu, yanayotoka kwenye mfereji wetu. Yaani unatawadha Alfajiri, kumbe unanywesha futari ya mtu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Anas, kwamba Muislamu akipanda, kisha akala ndege, mtu au mnyama, kwake hiyo ni sadaka.

Lakini leo kuna jambo linanichoma, hebu nikwambie.

Mwaka jana tulivuna vizuri. Tukafunga mafungu, tukawapanga foleni wenye shida pale barazani. Mimi mwenyewe nikasema wapigwe picha, wachangiaji waone. Nia ilikuwa njema. Mama mmoja akapokea fungu lake, akajifunika uso kwa mtandio, akaondoka. Hakurudi tena. Siku zilizobaki wanawe walifuturu nini?

Suratul Baqara, aya ya 264, inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Aya hii nimeisomesha miaka mingi nikidhani masimango ni maneno tu. Kumbe hata simu inasimanga. Nilimwendea yule mama nikamwomba radhi. Simtaji, nawe usimtafute.

Ndiyo maana mwaka huu hakuna mafungu, hakuna foleni, hakuna picha. Kuna jembe, jiko na sinia. Mwenye nguvu apalilie. Mwenye nazi alete. Asiye na kitu amenye mihogo au akate bamia. Ikiadhiniwa Magharibi tunafungua kwa tende na maji, tunaswali, kisha tunakaa mkekani, watu watano sinia moja, kinamama upande wao vivyo hivyo. Hapo nani katoa, nani kapewa? Hajulikani. Na ndivyo tunavyotaka.

Wewe unayetuma hela kisha unafuturu kwako, Allah akulipe, kuni na nazi zimenunuliwa kwa hela hiyo. Lakini njoo ukae japo siku moja. Mkono wako ukutane na mkono wa jirani yako kwenye sinia.

Na wewe unayeona haya kwa kuwa huna cha kuleta, wallahi wewe ndiye tunayekusubiri. Njoo saa kumi, baada ya Alasiri. Mihogo ipo, visu vipo, mikono ndiyo haitoshi.

Kazi ya leo: ukipika nyumbani, ongeza maji kwenye mchuzi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomuusia Abu Dharr, umpelekee jirani. Peleka bakuli lenye mfuniko, usingoje shukrani, wala usimsimulie mtu.

Ee Allah, tukubalie funga zetu, zisitiri aibu zetu kama unavyotaka tuwasitiri waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane bustanini.