Hodi Mezani

Hoteli itakayomwajiri mtu wa mazingaombwe naijua kwa jiko lake. Palipo na pilau iliyokwisha kuiva, mteja huagiza, hula, hulipa na kuondoka. Hapana upenyo wa mtu mwingine kati yake na sahani. Palipo na nyama choma mambo ni mengine. Mteja huchagua paja la mbuzi pale buchani, hupimiwa, nyama hupelekwa motoni, naye hukaa kusubiri, pengine saa nzima. Samaki wa kupaka naye hana haraka: achomwe, apakwe tui zito, arudishwe juu ya makaa, apakwe tena. Katika kusubiri huko mtoto huanza kulia, baba hutazama saa, na mwenye hoteli huenda jikoni na kurudi bila ya kuleta kitu. Hoteli ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta nikitoka kusaka kazi, kuanzia Nyali mpaka Mtwapa, na vikombe vyangu vya kahawa ndani ya mkoba.

Yapo mengine ya kutazama. Muziki usiwe wa kuzima maneno. Meza ziwe za familia, zenye bibi na wajukuu pamoja, na kwa hiyo Jumapili alasiri ina heri kuliko Jumamosi usiku. Hoteli za watalii ufuoni zina ratiba zake, leo sarakasi, kesho ngoma, na huko mtu hufanya kazi jukwaani, si mezani. Lakini hata hayo yote yakikubaliana, linabaki swali ambalo limenishughulisha kuliko ujira. Mtu ametoka kwake kuja kula. Hakukata tiketi ya kunitazama. Kwa haki gani nimwendee mezani na kuyadanganya macho yake?

Swali ni la kale. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya kwanza, katika barua moja kwa Lucilius alivitaja vikombe na vijiwe vya wafanya viinimacho. Alivihesabu kuwa udanganyifu usiodhuru, ambao raha yake imo katika kule kudanganywa. Ukifunuliwa siri, hamu inakwisha. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipoandika juu ya uongo mwishoni mwa karne ya 4, aliutoa mzaha nje ya hesabu mapema kabisa, kwa kuwa sauti na hali ya msemaji humjulisha msikilizaji kwamba hapa hapana nia ya kumpoteza. Kwa wawili hawa ningeweza kutulia, ila wote wawili wanamfikiria mtazamaji anayejua. Mimi nafanya kazi katika pwani ambako mtu mzima, msomi, anaweza kuona sarafu imetoweka, akavuta kiti nyuma na kuanza kusoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Huyo hakutaniwa. Huyo ameguswa mahali ambapo sikupewa ruhusa ya kufika.

Ustadh aliyenisomesha chuoni, katika Mji wa Kale, aliposikia kazi niliyoichagua aliniita. "Mwanangu," akasema, "sihri ni katika madhambi makubwa. Ukicheza kwenye kizingiti chake, watu watasema umekwisha kuingia, na wengine watakufuata ndani." Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu hofu yake ina msingi. Wapo wanazuoni wanaokataza hata wepesi wa mikono kwa sababu hiyohiyo: unafanana na sihri, na unamzoesha mtu kuiona kuwa jambo la kuchekea.

Hata hivyo wanazuoni wa zamani hawakulifumbia macho jambo hili. Abu Bakr al-Jassas, wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 370 Hijria, aliandika kwa urefu juu ya mbinu za wafanya viinimacho katika kitabu chake cha hukumu za Qur'ani, akaeleza kwamba kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilitiwa zebaki, nayo ilipopata joto zikajongea kama zilizo hai. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliigawa sihri mafungu manane, na wepesi wa mikono pamoja na kuyashughulisha macho akaufanya fungu la peke yake, mbali na lile la kutafuta msaada wa majini. Kwa hiyo walijua kwamba kitu kinaweza kuonekana cha ajabu na sababu yake ikawa mkononi mwa mtu. Lililobaki ni kuuliza ajabu hiyo inafanya kazi gani ndani ya anayeitazama.

Kisa cha Nabii Musa nakisoma kwa jicho la mtu wa fani. Wachawi walipoletwa mbele ya Firauni, jambo la kwanza walilouliza ni ujira: tukishinda, tutalipwa? Firauni akakubali, akawaongezea ahadi ya kuwa karibu naye. Kila ninapoketi na mwenye hoteli kupatana malipo ya jioni, nawakumbuka. Kisha Qur'ani inataja mambo mawili waliyoyafanya: waliyazuga macho ya watu, na wakawatia hofu. Kwa miaka nimelizingatia hilo la pili. Macho huzugwa na vitu vingi, hata mazigazi ya lami wakati wa adhuhuri huyazuga. Hofu ndiyo aliyoitaka Firauni, kwa kuwa ndiyo iliyomweka kitini.

Na fimbo ya Musa ilipovimeza vile walivyovizua, waliotangulia kusujudu walikuwa wachawi wenyewe. Umati ulikuwa haujui tofauti. Mafundi waliijua, kwa sababu walijua kamba na zebaki zinaweza kufika wapi na haziwezi kupita wapi. Firauni akawatishia kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu, wasirudi nyuma. Nikimsikia mtu akisema kuijua hila kunamharibia muumini imani yake, namwomba akisome kisa hiki tena taratibu.

Firauni hajakosa warithi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi wa saa aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe, ili awavunjie hadhi viongozi wa dini ambao watu waliamini karama zao na ambao Wafaransa waliwaogopa kuwa wangechochea uasi. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto angeliinua. Akamwita jukwaani mwanamume mwenye misuli, akatangaza kwamba amemwondolea nguvu zake. Sumaku ya umeme iliyofichwa chini ikawashwa, sanduku likagoma, na yule bwana alipozidi kuvuta, umeme ukapitishwa kwenye mpini hata akaanguka magotini. Wenzangu wengi wanamhesabu Robert-Houdin kuwa baba wa fani yetu, na ufundi wake naukubali. Kazi ile ya Algeria naikataa. Ukumbi mzima uliletwa uogope, na aliyelipa alikuwa na jeshi.

Kwetu hofu ya namna hiyo inaua. Mtwapa imo katika kaunti ya Kilifi, na katika kaunti hiyohiyo wazee wamekuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi na macho mekundu hutosha kuwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma lipo shamba ambalo vijana wanalitaka. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa. Sasa mfikirie mgeni anayeinuka mezani kwangu akiwa na yakini kwamba nimetuma jini. Amekula vizuri, amenipa mkono, anarudi kijijini na ushahidi wa macho. Kwangu mimi atacheka tukikutana tena. Kwa bibi jirani anayekaa peke yake hatacheka.

Ndiyo maana namheshimu sana Reginald Scot, Mwingereza wa Kent, ambaye mwaka 1584 alichapisha kitabu cha kuwatetea wale waliokuwa wakishtakiwa uchawi, wengi wao vikongwe maskini. Ndani yake akaweka maelezo ya kazi yetu: sarafu inavyofichwa kiganjani, karata zinavyochanganywa bila kuchanganyika, sindano nene inavyoonekana kupenya ulimi. Alitaka msomaji aone kwamba ajabu haitoshi kumtia mtu hatiani. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza yaliyofunua mazingaombwe, na yaliandikwa kwa ajili ya kuokoa shingo za watu.

Kwa hiyo mimi hubisha hodi. Nasimama hatua moja kutoka mezani, mikono yangu ikionekana. "Asalaam aleikum, shikamoo mama. Mimi ni mtu wa mazingaombwe wa hapa. Ni mazoezi ya vidole, hamna dawa wala jini. Mkipenda nitawaonyesha kidogo nyama ikiiva, na msipopenda, kuleni kwa raha." Nimeambiwa na wenzangu kwamba maneno hayo yanaondoa ladha. Sivyo ninavyoona. Aliyeambiwa ni vidole husogea karibu, huvitazama vidole bila kupepesa, na kokwa ya tende ikihama kutoka kikombe hiki kwenda kile, mshangao wake ni mkubwa zaidi kwa sababu hana jini wa kumsingizia. Natumia vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, vilevile vya barazani, na mwisho kila kikombe kikiinuliwa mna ndimu nzima. Bibi mmoja aliichukua ndimu ile akainusa, akaikata, akaikamulia samaki wake. Huo ndio mshangao ninaoutaka: umetua kwenye sahani, na hakuna aliyeogopa kula.

Karata naziacha mkobani penye familia za Kiislamu, kwa kuwa wengi wakiona ree ya shupaza wanaona kamari. Noti ya mia sigeuzi kuwa ya elfu. Wenye hoteli hunisihi sana juu ya mchezo huo, na ni kweli unashangiliwa kuliko yote, lakini nchi hii imejaa watu wa wash wash wanaoahidi kuzidisha fedha, na sitaki mtu aanzie mezani kwangu safari itakayomfikisha kuuza kiwanja cha babake. Bakshishi siombi, anilipe mwenye hoteli. Mgeni asidaiwe kitu ambacho hakukiagiza.

Mwenye hoteli ni nusu ya jambo lote. Huko Chicago, Matt Schulien alisifika kwa kupita meza kwa meza na karata zake katika mgahawa wa familia yake mwenyewe. Mgeni alikuwa anataniwa na mwenyeji wake, na mwenyeji ana haki ya kumtania mgeni aliyemkaribisha. Mimi wa kuajiriwa haki hiyo naiazima tu. Kwa sababu hiyo namtafuta mwenye hoteli anayewajua wateja kwa majina, anayekwenda mezani kuuliza hali ya mgonjwa wa nyumbani. Asiyekuwa mwenyeji wa mtu hana haki ya kuniazima, hata kama jiko lake ni la kusubiriwa saa mbili.

Nilifanya kazi kwa mmoja wa namna hiyo. Jioni moja mama mmoja, baada ya vikombe, alinishika mkono. "Mwanangu, juzi nimeibiwa simu. Nitajie aliyechukua." Nikamwambia sina uwezo huo, na kwamba alichokiona ni vidole. Akaweka noti ya elfu juu ya meza. Mwenye hoteli akanivuta kando: kwa nini nisimwambie lolote, akaridhika, akarudi wiki ijayo na ndugu zake? "Ami," nikamjibu, "huyu tayari ana jina la msichana wake wa kazi moyoni. Anataka lipite kinywani mwangu tu." Hakuona tatizo liko wapi. Pale sifanyi kazi tena.

Wanasheria wameukaribia mpaka huu. Sheria ya uchawi iliyotungwa Kenya mwaka 1925, enzi za ukoloni, ilimlenga anayejidai nguvu zisizo za kibinadamu kwa namna ya kutia hofu, bughudha au madhara. Uingereza, mwaka 1951, ilipofuta sheria yake ya 1735 na kutunga nyingine ya kuwabana waaguzi walaghai, iliwaacha huru wafanyao kwa ajili ya burudani tu. Nimefurahi kuona neno hofu limefika hata huko. Lakini burudani tu haitoshi kuwa kipimo, maana mwenye hoteli yule naye angeapa mbele ya kadhi kwamba ni burudani. Mimi natazama mgeni anainukaje mezani.

Mtoto ndiye aliyebaki kunipa shida. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia ni vidole, anakubali kwa kichwa, na machoni unaona hajakubali. Ruhusa ya mzazi naichukua, lakini ruhusa ya mzazi haimpi mtoto ujuzi. Basi kabla sijaondoka namfundisha hila moja ndogo, ya kuificha kokwa katikati ya kiganja huku vidole vimelegea, namwambia akamfanyie babake. Wenzangu wananilaumu kwamba natoa siri, na siri ndiyo mtaji wetu. Nawaelewa, na zipo ambazo sitamfunulia mtu. Hii moja naitoa kila jioni, na mwenye hoteli asiyetaka niitoe, kazi yake siichukui hata akilipa vizuri.