Nani Skwota?

Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita tuliandika orodha ya wanaostahiki zaka katika mji wa Voi na vijiji vya kando yake. Mbele ya kila jina tulitia maelezo mafupi: mjane, yatima, mgonjwa, mwenye deni. Tulipofika kwa watu wanaokaa mpakani mwa shamba moja la mkonge, tuliandika neno moja tu: "maskwota". Orodha iliposomwa baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja katika watu hao alisimama akasema: "Maalim, zaka mkinipa nitashukuru, mkininyima nitasubiri. Lakini jina hilo nifutieni. Babu yangu amezikwa pale, na baba yangu amezikwa pale. Mimi ni skwota wa nani?"

Jina tulilifuta, lakini jawabu la swali lake hatukuwa nalo. Haya ndiyo tuliyoyapata baada ya kutafuta.

Neno hili ni la Kiingereza, na asili ya maana yake ni mtu aliyechutama, aliyekaa juu ya visigino vyake. Basi mwenye kuchutama hajakaa khasa. Yu tayari kuinuka. Wenye lugha hiyo walipolitwaa neno hili wakamwita kwalo mtu anayekaa katika ardhi asiyokuwa na hati yake, walikuwa wamekwisha kusema kuwa huyo ni mpita njia: leo yupo, kesho na aondoke.

Walakini tazama, ewe msomaji, jinsi neno hilo hilo lilivyogeuka kila lilipofika. Marekani, tangu mwisho wa karne ya 18, liliwahusu watu waliojenga vibanda katika ardhi wasiyokuwa na haki nayo kisheria. Australia, katika karne ya 19, wenye jina hili walikuja kuwa matajiri wa kondoo. Waliingia bila ya ruhusa katika ardhi ambayo serikali ya Kiingereza ilijitangazia kuwa ni yake, wala hawakufukuzwa. Mwaka 1836 serikali ya New South Wales iliwatolea leseni kwa pauni 10 kwa mwaka, wakalisha mifugo yao, na jina la skwota likawa jina la mabwana. Ama wenyeji wa asili, waliokuwako kabla ya wote hao, hapana aliyewauliza.

Hapa Kenya neno likapata maana ya tatu. Mzungu aliyekuja kwa meli, akapewa maelfu ya eka, aliitwa setla, yaani mlowezi, mtu aliyefika akatua. Mwafrika aliyekutwa juu ya ardhi hiyo, au aliyehamia humo kwa ajili ya kazi, aliitwa skwota. Na sheria ya mwaka 1918 ikamtaka amtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aachwe akae. Aliyekuja jana akahesabiwa kuwa amekaa, na aliyezaliwa pale akahesabiwa kuwa amechutama!

Nasi wa Taita Taveta twayajua haya zaidi kuliko wengi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilifanya hata ardhi waliyokuwa wakiikaa wenyeji kuwa ni ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikasema kwamba wao ni wapangaji tu kwa hiari ya Taji. Mashamba makubwa ya mkonge yakakatwa Voi, Mwatate na Taveta. Watu wa milimani hawakunyamaza. Walikuwa na chama chao, Taita Hills Association, nacho mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku. Mwaka 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, na leo hifadhi zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zachukua kiasi cha asilimia 62 ya kaunti nzima. Toa tena mashamba makubwa na ranchi, kisha uhesabu mwanadamu amebakiwa na nini.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamweleza skwota kuwa ni mtu anayekaa katika ardhi ambayo kisheria ni ya mwengine, pasi na ridhaa ya huyo mwengine. Vyema, lakini huyo mwengine aliipata vipi? Swali hilo ndilo neno "skwota" linalolizuia lisiulizwe.

Wanazuoni wa fikihi wametufundisha kwamba mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi, na kwamba kitu kilichomo mkononi mwa mtu hudhaniwa kuwa ni chake mpaka ithibitike vinginevyo. Neno hili lapindua kanuni hiyo. Mtu aliyemo ndani ya nyumba yake, karibu na makaburi ya wazee wake, ndiye anayetakiwa ajitetee, na hali ameshahukumiwa kwa jina kabla ya kufungua kinywa. Kadhi akimwita mmoja wa wagombanao "mwizi" kabla ya kuwasikiza, nani ataridhika na hukumu yake?

Wala tusidhaniwe kuwa twamtetea kila mwenye kujenga kibanda. Wako watu wenye mashamba yao kwengine ambao, wakisikia tu kuwa ardhi fulani itagawanywa, hukimbilia kusimamisha nguzo nne katika shamba la jirani, kisha hujiita maskwota ili waonewe huruma. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi saba. Onyo hilo halikumbagua tajiri mwenye hati na maskini mwenye kibanda. Sheria ya nchi yaweza kumpa haki aliyekaa miaka 12 bila ya kuondolewa, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu kilichoporwa hakihalaliki kwa miaka 12 wala kwa miaka 100, awe aliyepora ni mnyonge au ni serikali ya mfalme.

Kwa hivyo yatupasa kupambanua. Aliyekuwapo kabla ya shamba ni mwenyeji aliyenyimwa hati. Ambaye wazee wake waliletwa kukata mkonge, wakapewa mahali pa kulala, ni mkaaji kwa idhini, na ana haki ya jasho lake. Aliyeingia juzi kwa nguvu ni mvamizi. Kila mmoja ana hukumu yake mbali, na lugha yetu ina jina kwa kila mmoja. Kuwatia wote katika neno moja ni kumpa mvamizi sitara na kumvua mwenyeji haki yake.

Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kuitana kwa majina mabaya. Sisi tulidhani katazo hilo ni la matusi ya barabarani, kumbe tulikuwa tukilivunja katika daftari la zaka. Sasa mbele ya jina la mzee yule tumeandika: "Mkaaji wa tangu babu yake. Hana hati." Tulimsomea, akasema: "Hapo mmesema kweli."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzipima kalima zetu kama tunavyoamrishwa kupima nafaka kwa uadilifu. Amin.