Amana ya Kikao Kilichokufa



Ndugu zangu, iko hadithi fupi kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ambayo wengi wetu tumeisoma haraka tukaipita. Maana yake ni kwamba mtu akikueleza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, jambo hilo limeshakuwa amana kwako. Hakukuapisha wala hakukuambia "hii ni siri". Amegeuza shingo tu, aone kama kuna mwingine anayesikia, na kugeuka kule kunatosha kukufunga.

Sasa mtu anayeandika kwenye simu saa tano ya usiku, peke yake chumbani, anageuza shingo vipi? Na anaowaandikia watajuaje kuwa ameigeuza?

Nauliza kwa sababu niliona kikao cha majadiliano kikizaliwa Mulago, kikanawiri, kikafa. Nina rai yangu kuhusu kilichokiua, na wenzangu kadhaa hawakubaliani nayo.

Kilikuwa kundi la WhatsApp la vijana waliozoea kuswali pamoja katika msikiti mmoja wa mtaani. Machi 2020 vyuo na nyumba za ibada vilifungwa kwa ajili ya korona, na Ramadhani ikatukuta majumbani bila tarawehe ya jamaa. Wanafunzi wa udaktari, wauguzi, mafundi simu wa Wandegeya na dada wachache waliokuwa wakisoma ualimu wakaanza kuulizana maswali usiku baada ya Isha. Mimi nilikuwa kidato cha sita, naishi kwa shangazi, mdogo kuliko wote mle ndani. Niliingizwa kwa kuwa binamu yangu alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Lugha ilikuwa mseto: Kiswahili cha Arua na cha Bombo, Luganda, na Kiingereza pale mtu alipotaka aonekane amesoma.

Kanuni zilikuwa chache. Swali moja kwa usiku. Hakuna kumwaga video za masheikh wa mbali. Sema unachokijua au uliza. Anayejibu aseme amelipata wapi jibu lake. Likitushinda, mmoja wetu analipeleka kwa ustadh na kurudi na jibu. Hakuna aliyejifanya mufti, na nadhani hilo ndilo lililotuvuta.

Wakati ule tulikuwa bado na kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku tangu Julai 2018 kwa anayetaka kutumia WhatsApp na mitandao kama hiyo. Wengi waliingia kwa VPN ili wasilipe. Usiku mmoja muuguzi akauliza: anayekwepa kodi ili ahudhurie darsa ya dini, ana hukumu gani? Hatukulala. Wapo waliosema ule ni ushuru wa dhuluma na hauna haki juu ya mtu. Wapo waliosema anayeishi katika nchi ana ahadi nayo, na muumini hutimiza ahadi hata inapomkera. Fundi simu mmoja akafunga mjadala kwa kusema VPN inakula bando kuliko hiyo mia mbili, kwa hiyo mwizi anajiibia mwenyewe.

Mjadala mwingine ulikuwa mzito zaidi. Mulago ni hospitali ya taifa ya rufaa, na wagonjwa wa korona waliletwa pale. Waliofariki walizikwa na watu wa afya waliovaa mavazi ya kujikinga, familia zikisimama mbali. Kuelekea mwisho wa mwaka lilikuja swali la Mwislamu aliyezikwa bila kuoshwa. Wauguzi walieleza kinachowezekana na kisichowezekana, bila kumtaja mgonjwa yeyote. Waliosoma fiqhi wakaleta mlango wa kumtayamamia maiti maji yanaposhindikana, na kauli kwamba hata tayammum ikishindikana wajibu huo huwaondokea walio hai, na maiti hana lawama yoyote. Yalisemwa kwa siku tatu. Siku ya tatu mtu mmoja, ambaye hatukujua kuwa anafuatilia, aliandika kwamba baba yake amezikwa hivyo, na kwamba usiku huo angelala. Nikisikia mtu akisema majadiliano ya vijana ni kelele tu, namkumbuka huyo.

Kisha ikaja mwaka 2021, vyuo vilipokuwa vikifunguliwa kwa awamu. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alitoka wodi ya watoto akiwa amemwona mtoto akifa, mtoto ambaye yeye alikwisha kuamini atapona. Mama wa mtoto alisema Alhamdulillahi. Yeye akajaribu kuitamka, ikamshinda. Aliandika kwamba kuna kitu ndani yake dhidi ya qadari ambacho anaogopa hata kukipa jina, akauliza kama ameshatoka katika Uislamu.

Swali hilo halikupata jibu usiku ule, kwa kuwa liliandikwa usiku mkubwa. Kabla ya adhuhuri mmoja wetu alikuwa ameshalipiga skrini shoti na kulituma katika kundi la watu wa nyumbani kwao yule kijana, na maneno ya kuwataka wamwombee ndugu yao anayepotea. Mchana baba yake alimpigia simu. Jioni akajitoa. Mstari mdogo unaosema kwamba ameondoka bado upo pale kwa anayetaka kupandisha skrini na kuutafuta.

Hakuna aliyegombana, na hilo ndilo linalowafanya wenzangu wakatae kwamba siku hiyo ndipo tulipokufa. Lakini angalia maswali yaliyofuata. Kwanza kila mtu akawa anauliza kwa niaba ya rafiki yake. Baadaye yakabaki maswali yasiyomhusu mtu yeyote, ya kucha na ya urefu wa kanzu. Kisha yakaingia maua ya Ijumaa Mubarak saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha hosteli kinapangishwa, kadi ya mchango wa harusi. Kufikia 2023 miezi miwili ilipita bila alama ya kuuliza hata moja. Watu wote walikuwemo. Idadi haikupungua hata kumi.

Binamu yangu anasema tuliuawa na kuzimwa kwa intaneti. Ni kweli ilizimwa jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, ikarudi siku ya tano, na mitandao ya kijamii ikachelewa zaidi. Anasema watu walipoteza mazoea. Mwingine anasema misikiti ilifunguliwa, masomo yakaanza, kila mtu akapata shughuli. Siyadharau maelezo haya. Lakini nilikuwepo, na baada ya ule ukimya wa Januari tulirudi na maswali mengi kuliko kabla, kama watu waliotoka kwenye saumu. Kodi haikutuzuia, bei ya bando haikutuzuia, giza la siku tano halikutuzuia.

Sasa nimpe haki yake aliyetuma ile picha, kwa sababu hoja yake si ya mtu mbaya. Anasema: sikuongeza neno, nimetuma alichoandika mwenyewe. Nilimhofia. Na kundi lenye watu zaidi ya mia si faragha. Anayesema mbele ya mia amesema hadharani.

Ukweli wa maneno haumwokoi. Tunajua kwenye Sahihi Muslim jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoifafanua ghiba: ni kumtaja ndugu yako kwa anachokichukia, na kama hakina ukweli jina lake ni jingine, ni buhtani. Yaani ghiba inaanzia kwenye ukweli. Hofu yake ina uzito zaidi. Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin anataja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kutafuta msaada wa kuondoa munkari. Lakini munkari uko wapi hapa? Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakalalamika kwamba wanakuta nafsini mwao mambo ambayo ni makubwa mno kuyatamka. Hakuwaambia wayataje. Aliita ule uzito wanaouona kuwa ni imani iliyo wazi, na hiyo pia imo katika Sahihi Muslim. Yule kijana alikuwa na uzito huohuo, na alikuja kuuliza. Anayeuliza kama ametoka, bado yuko mlangoni anabisha hodi.

Hoja ya watu mia ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu. Kuna riwaya nyingine kwa Abu Dawud, ambayo sanadi yake ina msimulizi asiyetajwa jina, inayosema vikao ni amana isipokuwa vitatu: cha kumwaga damu isiyo halali, cha zinaa na cha kunyang'anya mali ya mtu. Hata ukiichukua kwa tahadhari, maana yake inakubaliana na ile ya shingo: kisichosimama katika dhulma ya wazi kinabaki pale kiliposemwa. Haikutaja idadi ya waliohudhuria. Kinachofanya kikao kiwe kikao ni kwamba msemaji anawajua anaowasemea, wawe watatu au mia. Yule ndugu alijua anawaandikia akina nani. Baba yake hakuwemo.

Hapa Kampala tunao mfano wa kikao cha aina nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 2000 watu walikusanyika Club Obbligato kila wikendi kubishana siasa, na Radio One ikarusha moja kwa moja. Waliita Ekimeeza, na mzungumzaji wa Kiswahili atalisikia neno meza ndani yake: meza kubwa. Redio nyingine zikaiga. CBS ilikuwa na Mambo Bado. Pale shingo haikugeuka kwa sababu kila neno lilikuwa la hewani, na aliyeshika maikrofoni alitaka asikike mpaka Masaka. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizofuata kuzuiwa kwa safari ya Kabaka kwenda Kayunga, ebimeeza vikapigwa marufuku. Kifo chao kilikuwa na tarehe na amri, na kilikuwa na wa kumlaumu. Kifo chetu hakina hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana tunabishana.

Na kuna kifo cha tatu, ambacho wanafunzi wa fiqhi tunakijua. Al-Layth bin Sa'd wa Misri, aliyefariki mwaka 175 Hijria, alikuwa imamu ambaye Shafii anasimuliwa kumpa daraja juu ya Malik katika fiqhi, kisha akasikitika kwamba wanafunzi wake hawakumhifadhi. Madhehebu yake yakaisha kwa kukosa wa kuandika. Nilipoisoma habari hiyo darasani nilicheka kidogo peke yangu. Halaqa ya Misri ilikufa kwa sababu hakuna aliyeandika. Ya Mulago ilikufa kwa sababu kila kitu kiliandikwa, na kila msikilizaji alikuwa na nakala mfukoni.

Mwalimu wetu mmoja alinipinga hapo, na alikuwa na haki ya kunipinga. Alinikumbusha kwamba barua aliyoandikiana Layth na Malik kuhusu amali ya watu wa Madina imetufikia, na tunafaidika nayo, ingawa ilikuwa ya mtu kwa mtu. Je, walioihifadhi walivunja amana? Nadhani hapana. Barua ile ni rai ya mwanazuoni aliyeipima, akaiwekea hoja na yuko tayari kuulizwa juu yake. Swali la mtu aliyetoka kumfunika mtoto shuka si rai. Bado halijawa kitu cha mwenyewe hata yeye; amelitoa nje ili alione. Kikao kidogo ndipo mahali pekee pa kufanya hivyo, pa kusema jambo kabla hujajua kama unaliamini. Ukimfunga mtu kwa alichosema katika hali hiyo, wengine wote watakuja na maneno yaliyokwisha kupigwa pasi.

Muhula huu admini ametuuliza tufanye nini na kundi. Wapo wanaotaka lifutwe. Wauguzi wanataka ule mjadala wa maiti wa korona uandikwe vizuri upewe wauguzi wapya, kwa sababu magonjwa ya aina ile hayajaisha na swali litarudi. Mimi nimekubaliana nao, kwa masharti: majina yaondolewe, na kila aliyechangia aombwe ruhusa yake, mmoja mmoja, hata kama itatuchukua mwezi. Waliotangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu, maneno yao yaachwe.

Likabaki swali lile moja. Wengine walisema lisiingizwe wala lisiguswe. Nikasema mwenye amana yu hai, na haki ya kuamua ni yake. Sasa ni daktari katika mji mwingine. Binamu yangu alimpigia, akamweleza tunachofanya, na akamwambia kwamba tunaweza kumpa jibu ambalo hakulipata usiku ule, kama bado analihitaji. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza ni nani wengine wanaosikiliza. Binamu yangu akamwambia hakuna. Akasema atafikiri.