Majina Ukutani

Somo la juma: Isaya 49:13–18

Watu wanaosemeshwa katika sura hii walikuwa mbali na kwao. Yerusalemu ilikuwa imebomolewa, wao wamepelekwa Babeli, na neno lililowajaa kinywani ni kwamba Mungu amewasahau. Mungu hawakemei. Anawaambia kuwa amewachora viganjani mwake, na kuta za mji wao hazimtoki machoni. Kuta zenyewe wakati huo zilikuwa magofu, lakini ndizo alizokuwa akizitazama.

Nimeisoma aya hiyo juma zima nikiwawaza vijana wetu wa Ziwa la Ng'ombe, hapa Mombasa, maana na wao wana mambo yao na kuta.

Pita njia za ndani za mtaa utaona. Maskani, yaani kijiwe cha vijana, ina benchi la mbao, pengine turubai juu, na nyuma yake ukuta uliopakwa rangi za timu ya Uingereza inayoshangiliwa na wengi wao. Juu ya rangi hizo limechorwa jina la maskani kwa herufi nene, zimepigwa kivuli mpaka zinaonekana zimetokeza. Pembeni yapo majina ya wenyewe. Kwenye maskani moja nimeona, chini kidogo, majina mawili yaliyowekwa peke yake: moja lina msalaba mdogo, jingine mwezi na nyota. Ni wenzao waliofariki. Rangi ya majina hayo ilikuwa mbichi kuliko ya ukuta wote, kwa sababu kila yakififia kuna anayeyarudia. Hakuna anayemlipa wala kumkumbusha. Sisi kanisani tunawataja marehemu wetu kwa nadra kuliko hivyo.

Wazazi wengi huniambia, "Mchungaji, hawa wanachafua tu." Hofu yao naielewa. Kisauni tumeonja uchungu wa makundi ya mapanga, Wakali Kwanza na Wakali Wao na mengineyo, na jina la kundi likiwekwa ukutani laweza kuwa mpaka ambao mtoto wa mtaa wa pili hathubutu kuuvuka. Lakini tusiwatie wote kapu moja. Kijana anayeandika jina lake na la rafiki yake aliyekufa anataka nini?

Wengi wamezaliwa katika nyumba ambazo wazazi wao walizijenga juu ya ardhi isiyo yao. Mombasa mtindo huo tunaujua sana: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, kodi ya ardhi unalipa na hati huna. Mtoto akikulia hapo, kila anapoulizwa kwao ni wapi hutakiwa ataje Kilifi, Taita, Machakos au Kisumu, mahali ambapo pengine alikwenda kwa matanga tu. Ukutani ndipo anapoweza kusema yeye ni wa hapa bila kuombwa karatasi.

Haja hiyo si ya leo. Ndani ya Fort Jesus, kwenye ukuta wa ngome, askari na mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, watu, samaki, kanisa. Walikuja pwani hii kwa ubavu na sina sababu ya kuwasifu. Ila ukizitazama picha hizo unaona watu walio mbali na nyumbani wakijaribu kupaweka kwao mbele ya macho. Leo zinatunzwa na makumbusho, ndani ya ngome ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011.

Na majirani zetu wa Frere Town je? Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha pale makao ya watu waliokombolewa utumwani, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wasio na kijiji cha kurudia. Kengele waliyoiweka iwaonye wakazi kila wawinda watumwa wakija ndiyo iliyotupa Kengeleni, jina ambalo makondakta wanaliita mpaka leo. Waliokuwa hawana kwao wameliachia eneo letu jina.

Tena Biblia haiudharau mkono wa fundi. Bezaleli, katika Kutoka 31, hakuwa kuhani wala Mlawi. Alikuwa fundi wa kabila la Yuda, na Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kubuni na kuchonga. Vijana wetu nao wana mkono wa kuchora, lakini wanaoujua kuliko sisi ni wanasiasa: uchaguzi ukikaribia huwalipa wawachoree nyuso na majina yao, kisha huwaacha.

Nyuma ya kanisa letu upo ukuta mrefu unaoelekea njia ya waendao soko la Kongowea alfajiri. Nimewaomba wazee wa kanisa tuwape vijana ukuta huo, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa kuwa maskani zao hazikugawanywa kwa dini. Rangi na brashi tununue sisi. Wapo waliopendekeza wachore Yesu na kondoo kutoka kalenda fulani. Picha hiyo naipenda, lakini kunakili wamekwisha kunakilishwa vya kutosha. Wauchore mtaa wao kama wanavyouona, na wakimaliza waandike majina yao chini, kwa herufi kubwa wapendavyo. Tutakutana Jumamosi saa kumi jioni pale pale ukutani. Mzazi mwenye kijana anayechora na aje naye, hata kama kijana huyo kanisani haingii.