Kodi na Haki ya Kujibiwa

Mtu anaweza kuishi hadi uzeeni asipandishwe kizimbani hata mara moja, wala asikanyage kituo cha polisi, lakini hawezi kununua mfuko wa saruji au vocha ya simu bila Serikali kuchukua fungu lake. Fungu hilo haliombwi, linakatwa. Na likishakatwa, hakuna kitu ambacho mlipaji anaweza kukinyooshea kidole akasema hiki ndicho nilichopewa kwa fedha yangu. Ikiwa dola ina haki ya kumdai mwananchi kila siku namna hiyo, mwananchi naye anaidai dola nini? Nasema anaidai sababu. Barabara na zahanati ni haki yake pia, ila hizo hufuata baadaye na zinaweza kujengwa mbali na kwake. Sababu anastahili kupewa hata kama hataiona barabara hiyo maisha yake yote.

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge. Hapo tumejua nani mwenye mamlaka ya kutoza. Lakini mamlaka ni kitu kimoja na sababu ni kitu kingine. Sheria inaweza kupitishwa kwa kishindo cha kura za ndiyo, ikaanza kutumika Julai mosi, na aliyekatwa asijue kwa nini akatwe yeye, kwa nini kiasi hicho, na kwa nini kupitia njia hiyo. Pengo hili ndilo linaloipa uzito ibara ya 63, inayoliruhusu Bunge kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini yake. Kura hutoa ruhusa ya kutoza, swali hudai maelezo ya kutoza, na nchi yenye kura bila swali imebaki na nusu ya Bunge.

Wazee wetu waliionja kodi isiyo na pa kuulizia. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kibanda cha kijijini, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, kodi ikabaki. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza kuketi humo, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945. Hiyo ni miaka 47 ya kulipa bila Mwafrika hata mmoja wa kusimama ndani ya baraza na kuuliza. Watu hawakukosa maswali miaka hiyo. Waliyauliza kwa miguu, kwa kuhama na kujificha porini mkusanyaji alipokaribia. Na mwaka 1905, kodi ikiwa imeongezewa kilimo cha pamba cha shuruti, kusini kukawaka vita vya Maji Maji. Swali lililonyimwa mahali pa kuulizwa halifi, hutafuta mahali pengine. Tarehe 25 Juni 2024 Nairobi ilituonyesha hivyo tena, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge la Kenya siku ileile wabunge walipopitisha Muswada wa Fedha.

Kwa hiyo naichukulia kwa uzito mkubwa asubuhi ya Bunge jijini Dodoma. Dua ikishasomwa, maswali huanza, na ya Wizara ya Fedha mara nyingi hujibiwa na Naibu Waziri. Husimama akasema anajibu kwa niaba ya Waziri wa Fedha, kisha anasoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara. Jibu hilo la kwanza limepitia mikono mingi, limepigwa pasi, na ni nadra likajikwaa. Mimi nayapenda zaidi maswali ya nyongeza, ambayo muulizaji huruhusiwa mawili, kwa sababu hayo waziri hakuyaona mapema. Hapo ndipo utamjua anayeifahamu kodi yake na anayeifahamu karatasi yake tu.

Wabunge wetu wengi huuliza kwa mikato miwili: je, ni lini Serikali itapunguza kodi fulani, na je, Serikali ina mpango gani kuhusu kodi fulani. Maswali haya yana upungufu ambao hauonekani haraka. Anayeuliza "lini" ameshakubali kwamba jambo lenyewe ni hisani inayosubiri wakati wake. Anayeuliza "mpango gani" ameshamfungulia waziri mlango wa kusema kwamba Serikali inaendelea kufanya tathmini, na hilo linaweza kuwa kweli kwa miaka kumi. Swali la kudai sababu hujengwa vingine. Linataka hesabu iliyomfikisha Waziri kwenye kiwango alichochagua, na linataka kujua nani hasa anabeba mzigo huo mwishoni.

Chukua mfano. Mwaka 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia mita za umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka uliofuata ikapanda hadi 1,500. Sheria inamtambua mwenye nyumba kuwa ndiye mlipaji. Sasa mtazame mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, jioni, akinunua umeme wa LUKU wa shilingi 5,000. Ujumbe unaingia kwenye simu: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, tozo ya EWURA asilimia moja, ya REA asilimia tatu, na juu ya hayo deni la jengo ambalo si lake. Uniti zinazobaki hazifiki alikotarajia. Suala la mpangaji huyu lilipofika bungeni, maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba amalizane na mwenye nyumba wake. Ukiyasikiliza haraka yana mantiki, kwani upangaji ni mkataba kati ya watu wawili na dola haina haja ya kuingia chumbani. Lakini aliyeweka makato kwenye mita ni dola yenyewe, na ilijua kwamba mita hutumiwa na anayeishi ndani, si anayemiliki ukuta. Mtu wa kwenye sheria ni mmoja, mtu wa kwenye mita ni mwingine, na Bunge ndipo mahali pa kuwasimamisha wote wawili mbele ya Waziri. Mbunge aliyeridhika na "wamalizane" atakuwa amemwachia mpangaji kazi ya kumdai mtu mwenye uwezo wa kumfukuza mwisho wa mwezi.

Taulo za kike ndizo zilizonifikirisha zaidi. Baada ya miaka ya kilio, bajeti ya Juni 2018 iliyosomwa na Waziri Philip Mpango ilisamehe taulo hizo VAT, ili bei ishuke na mtoto wa kike asikose shule. Juni 2019 waziri huyohuyo aliirudisha kodi hiyo, akieleza kwamba bei haikushuka na kwamba waliofaidika ni wafanyabiashara. Angalia jinsi sababu iliyotamkwa hadharani inavyofanya kazi: kwa kuwa mwaka 2018 lengo lilitajwa kuwa ni bei, mwaka 2019 bei ikawa kipimo, na hata Serikali haikuweza kukikwepa. Hilo ni jema, nami naliheshimu.

Ila jibu la 2019 lilistahili swali zito la nyongeza. Bidhaa ikisamehewa VAT, kiwanda hakidai tena kurudishiwa VAT kiliyolipa kwenye malighafi, vifungashio na usafirishaji. Gharama hiyo inabaki ndani na inaingia kwenye bei. Bidhaa ikitozwa kwa kiwango cha asilimia sifuri, kiwanda kinarudishiwa. Njia hizi mbili mnunuzi dukani haoni tofauti yake, lakini bei inaiona. Je, bei iligoma kushuka kwa uchoyo wa wafanyabiashara peke yake, au pia kwa sababu ya namna msamaha wenyewe ulivyoundwa? Na kama kosa lilikuwa la muuzaji, kwa nini adhabu imwangukie mnunuzi, tena msichana wa kidato cha pili? Sioni uadilifu katika kumrudishia mzigo aliyekosa msaada kwa hoja kwamba msaada haukumfikia.

Wapo watakaosema Waziri wa Fedha hawezi kuwa mtu wa kueleza kila kitu, na wana hoja. Akidokeza mwezi Mei kwamba Juni atapandisha ushuru wa mafuta, vituo vitafunga pampu na wenye maghala wataficha bidhaa. Siri ya kabla ya bajeti inalinda umma. Lakini siri hiyo ina mwisho wake, nao ni dakika ambayo hotuba inasomwa. Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba tendo linalogusa haki za wengine, likiwa limejengwa juu ya kusudi lisilostahimili kutangazwa, ni dhuluma. Kodi ambayo sababu yake haiwezi kutamkwa hata baada ya kuanza kutozwa imeangukia hapo.

Na mbunge wetu hana silaha nyingi mbadala. Kwa mujibu wa ibara ya 99, pendekezo la kuweka kodi mpya sharti litoke kwa Rais kupitia Waziri. Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja, na kila mbunge anajua gharama za kurudi jimboni kuomba kura. Kura ya hapana ina bei kubwa kiasi hicho, lakini swali ni bure. Haliangushi Serikali wala halimpotezei mtu kiti, na jibu lake linaingia kwenye Taarifa Rasmi, ambako mtafiti, mwandishi wa habari au mpangaji wa Mbagala anaweza kulisoma. Waziri anapojibu kwamba tathmini inaendelea, mbunge angali na swali lake la pili la nyongeza: tathmini hiyo inapima nini, inafanywa na nani, na italetwa mezani mkutano upi wa Bunge?