Nyumba Ikiwa Tupu, Nani Anahamia?



Malori yanayopita Maili Moja usiku na mchana yanatukumbusha jambo moja: mji unakula kwa sababu mji mwingine umefungua mlango. Ndivyo ilivyokuwa Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani yetu hii hii. Dhahabu ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapita bandari ya Sofala, ikafika Kilwa, ikavuka bahari. Vyombo vya kaure vilikuja kutoka China. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu sana mji ule.

Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka na kuupora. Tuseme ukweli: walikuwa Wakatoliki kama sisi. Mwaka huo huo wakajenga ngome Sofala, wakitaka dhahabu yote iwe yao. Mnyororo ukashikwa huku na huku, Kilwa ikakosa riziki. Mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaihama.

Je, hadithi iliishia hapo? Hapana, na hapa ndipo pa kuogopa. Karne ya 18 Kilwa iliinuka tena. Kwa biashara gani? Ya watu! Mwaka 1776 sultani wake alifanya mkataba na Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Palipopita dhahabu, sasa wakapita binadamu.

Yesu alishatuonya katika Mathayo 12:43-45. Pepo aliyefukuzwa anarudi, anaikuta nyumba safi lakini tupu, anawaita wenzake saba wabaya kuliko yeye. Kuanguka kunaumiza, ndiyo. Lakini kinachokuja kujaza nafasi kinaweza kuumiza zaidi.

Sasa tuje kwako. Kazi imeisha, uchumba umevunjika, biashara imekufa. Kubeti, pombe na mikopo ya kausha damu havitasubiri mwezi upite. Basi na wewe usisubiri. Wiki hiyo hiyo nenda jumuiya, nenda kitubio, mwambie mtu unayemwamini. Na mwenzako akianguka, wahi kumbishia hodi.

Halafu ukianza kuinuka, jiulize: nainuka kwa mgongo wa nani?

Bwana, ingia wewe kwanza katika nyumba zetu. Amina.